Sauti Iliyobaki Rafuni

Kila siku saa kumi jioni, simu iliyokuwa rafuni ilipaza sauti ya marehemu: "Aizirek! Wafungie ndama kabla ukungu haujashuka!"

Bibi Saikal aliirekodi mwenyewe, maana mjukuu wake alikuwa msahaulifu kupindukia. Sasa bibi alikuwa na miezi mitatu kaburini, juu ya kijiji chao cha milimani Kirigizia. Kila asubuhi Aizirek aliichaji simu ile kabla ya kwenda shule.

Kila ilipowaka, simu ilimwuliza: asasishe mfumo sasa au baadaye? Alibonyeza "baadaye". Rafiki yake Meerim alikuwa amemtisha: "Sasisha uone! Ya dada yangu ilifuta kila kitu." Aizirek aliogopa kuipoteza sauti ile kuliko kitu chochote duniani.

Alhamisi moja mchana, baba aliingia kutoka zizini, uso umempauka.

"Mama ameniandikia," alisema kwa sauti ndogo.

Ujumbe kwenye simu yake ulikuwa na jina la marehemu: *Nimekuona kwenye picha hii. Fungua utazame.*

Wote waligeukia rafu. Simu ya bibi ilikuwa imewaka. Maneno yale yale yalikuwa yakijiandika kwenye kioo, herufi moja moja, na hakuna aliyeigusa.

"Mama mkwe ana njaa," mama alinong'ona. "Ni Alhamisi, siku ya kuwalisha marehemu harufu ya mafuta, na hatujamkaangia kitu."

Akabandika sufuria, akakaanga maandazi madogo ya borsok, moshi ukajaa nyumba nzima. Baba akamwombea dua marehemu. Dua ilipokwisha tu, simu ikawaka tena.

Saa ile ile akaingia shangazi Burul, fundi simu sokoni. "Jamani, marehemu ameniandikia hata mimi! Ukoo mzima umepata. Nani anaitumia simu hii?"

Aizirek alimtazama mama, macho mekundu kwa moshi, bado anakaanga. Akashindwa kuvumilia.

"Bibi hana njaa," alisema huku akilia. "Ni mimi. Juzi ulikuja ujumbe kwenye simu hii kwamba nimeshinda zawadi, nikaubonyeza. Na sijawahi kusasisha, nisije nikampoteza."

"Ala! Umeacha mlango bila komeo miezi mitatu, halafu unashangaa wezi wameingia na kutuandikia kwa jina la bibi?" Burul aliichukua simu. "Kwanza tumtoe bibi humu."

Alinakili sauti kwenye kadi ndogo, akamkabidhi Aizirek. Akakata mtandao, akaifuta programu ya wezi iliyoingia kwa ujumbe ule wa zawadi, kisha akaunganisha tena na kubonyeza "sasa". Duara likazunguka polepole. Halafu kioo kikawa cheusi.

Aizirek aliibana kadi kiganjani mpaka ikamwachia alama.

Hatimaye simu iliwaka. Saa kumi ikagonga.

"Aizirek! Wafungie ndama kabla ukungu haujashuka!"

Mama aliketi chini, akaangua kilio. Baba akamshika binti yake bega.

"Sikiliza, mwanangu. Kitu unachokipenda ukitengenezee nakala, kisha ukilinde. Usiache kusasisha simu kwa hofu. Na ukikosea, sema siku ile ile. Ungesema mapema, mama yako asingeumia macho kwa moshi wa sufuria leo."

"Nimekosa, baba."

"Basi nenda. Hujamsikia bibi yako?"

Aizirek alifungua mlango. Ukungu ulikuwa umeshafika kizingitini, na ndama walikuwa wakilia ndani yake. Akatoka mbio kuwatafuta.