Wa Mwisho Ataosha Vikombe

Masomo yalipokwisha alasiri, Kasuku hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye yadi ya malori ya maji, akatupa mkoba wake chini ya meza ya Shangazi, akauliza swali lile lile la kila siku.

"Muda umefika?"

"Salamu imepotelea njiani?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho.

"Shikamoo, Shangazi. Muda umefika?"

"Marahaba. Nawa mikono, kunywa chai, halafu tutaona kama umefika."

Jina la Kasuku alipewa na madereva wa yadi, kwa sababu tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Baba yake, ambaye alikuwa mmoja wa madereva hao, alipenda kusema kwamba binti yake huongea hata mdomo ukiwa umejaa mkate, na bado anaeleweka vizuri kuliko mwenyekiti wa mkutano. Alisema hivyo kwa fahari kubwa, maana alimpenda mtoto huyo kupita kiasi.

Ofisi ya Shangazi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililotazama lango. Ukutani kulikuwa na misumari ya kutundikia funguo, pamoja na kalenda ya zamani ambayo haikuondolewa kwa sababu ilificha ufa. Juu ya meza ilikaa redio ya mawasiliano. Kila lori lilikuwa na redio kama hiyo karibu na usukani, ili Shangazi aweze kuzungumza na madereva hata mahali ambapo simu hazikushika mtandao.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa yadi. Mwito wa alasiri, wa kuwaita madereva wote kwenye redio, aliuanzisha yeye, tena kwa nia njema. Alitaka kujua kwamba kila dereva ni mzima kabla giza halijaingia. Lakini madereva nao hawakosi utani. Wakaugeuza mwito kuwa mashindano: wa mwisho kujibu ndiye atakayeosha vikombe vya chai vya yadi nzima. Na vikombe hivyo, hasa vya gereji, vilikuwa na grisi ya kuweza kulainisha mlango. Tangu Kasuku aruhusiwe kushika kipaza sauti, mchezo ulizidi kunoga.

"Kasuku hapa! Kasuku hapa! Nani yuko hewani?"

"Umeme yupo!" Huyo alikuwa Baba. Alijibu kabla mwito haujamalizika, ndiyo maana wakamwita Umeme. Hakuwahi kuosha hata kikombe kimoja.

"Dada Kofia yupo!" alifuata dereva mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuuona utosi wake.

Kisha kimya kirefu. Kasuku huita tena, Shangazi hucheka, na hatimaye sauti ya upole husikika: "Mrefu... yupo." Mrefu alikuwa wa mwisho karibu kila siku. Walimtania kwamba hata chafya yake huanza asubuhi ikaisha adhuhuri. Yeye alitabasamu tu, akakunja mikono ya shati, akaosha vikombe.

Siku moja Kasuku alifika yadini akikimbia. Alikuwa amechaguliwa kuliongoza darasa lake katika mdahalo wa shule, na habari hiyo ilikuwa inamwasha ulimini. Chai hakuinywa. Muda ulipofika alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kasuku hapa! Umeme, nina habari! Bahatisha!"

"Umeme yupo! Subiri nibahatishe, mama. Umekuwa wa kwanza kwenye hesa..."

Honi ililia. Tairi zikalia. Kitu kikagongwa, halafu redio ikanyamaza.

"Baba?" Kasuku aliita. "Baba, nijibu! Umeme! Baba!"

Shangazi alisimama, akaweka mkono begani mwake. Kasuku akaegemeza sikio kwenye redio. Mwishowe sauti ya Baba ilirudi, ikiwa nyembamba kama ya mtu mwingine. "Dada, mimi ni mzima. Nimemwangusha mtu wa baiskeli. Anaongea, ila mguu unamuuma. Nampeleka zahanati."

Lori liliporudi yadini, bampa na taa zake zilikuwa zimepakwa mayai. Mtu wa baiskeli alikuwa muuza mayai wa mtaa wa jirani. Aliruka mtaroni dakika ya mwisho na kuteguka kifundo cha mguu, na baiskeli yake ikapita chini ya gurudumu. Alishuka taratibu, mguu umefungwa bendeji, akiwa amemshikilia Baba.

"Miaka yote nauza mayai," alisema, "leo nimekaangia lori zima." Alijaribu kucheka, akashindwa, na Shangazi akamvutia kiti haraka.

"Imekuwaje?" Shangazi alimuuliza Baba.

Baba alitazama mlango wa ofisi. Kasuku alikuwa amesimama pale, macho mekundu.

"Breki," Baba alisema. "Zilichelewa kushika."

Fundi wa yadi, mzee mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake ya asili, aliweka kikombe chini. "Breki za lori hili nilizijaribu mwenyewe asubuhi."

"Basi sijui, Fundi. Zilichelewa."

Shangazi alishusha pumzi. "Fundi, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini kama breki ulizozipitisha wewe zinakataa siku hiyo hiyo, itabidi nitafute fundi mwingine. Siwezi kucheza na roho za watu."

Mzee hakubishana. Alichukua sanduku lake la spana, akatandika gunia, akaingia chini ya lori. Kasuku alimfuata, akachuchumaa kando ya gurudumu. Kulikuwa na harufu ya mafuta na mayai mabichi.

"Nimulikie tochi hapa, mjukuu wangu," Fundi alisema. Alipapasa bomba moja baada ya jingine, akarudia tena alipoanzia. "Sioni kosa. Labda ni macho haya. Labda nimezeeka kweli, na hakuna aliyetaka kuniambia."

Kasuku alikumbuka jinsi neno la Baba lilivyokatika redioni, katikati ya jibu lake. Alijua kwamba Fundi hatapata kosa hata akilifungua lori zima. Alijua pia kwamba akisema, Baba ndiye atakayeshushwa kwenye usukani alioupenda. Aliiweka tochi chini.

"Babu, usitafute," alisema. "Breki ni nzima."

Akakimbia hadi bombani, ambako Baba alikuwa anasuuza kitambaa.

"Baba, ulikuwa unanijibu mimi."

Baba alitazama huku na huku. "Sema polepole. Nikisema hivyo, utajiona wewe ndiye uliyemuumiza yule mtu. Wewe ni mtoto, mama. Sikutaka uubebe mzigo huo."

"Lakini sasa anaubeba Babu Fundi!"

Maji yalimwagika ovyo mpaka viatu vya Baba vikalowa. Kisha akafunga bomba, akamshika Kasuku mkono, wakarudi pamoja mbele ya ofisi. Dada Kofia na Mrefu walikuwa wameshafika.

"Fundi, toka huko chini," Baba alisema. "Nisamehe, mzee wangu. Nimesema uongo. Breki zilishika pale pale nilipozikanyaga. Ni mimi niliyechelewa kuzikanyaga. Nilikuwa najibu redio."

Muuza mayai alimkazia macho. "Kwa hiyo hukuwa unatazama mbele?"

"Nilikuwa natazama mbele, ndugu yangu. Hilo ndilo linalonitisha. Macho yangu yalikuwa barabarani, na wewe ulikuwa barabarani, lakini sikukuona. Akili yote ilikuwa hapa ofisini, inabahatisha habari ya binti yangu."

Hakuna aliyetia utani. Dada Kofia alivuta kofia yake chini kidogo. "Mimi huongea na mama kwa simu njia nzima," alisema. "Naweka spika, nasema si mikono yangu iko huru? Juzi nilipita nyumba ya mteja nikaenda mbele kabisa. Sikumbuki hata kuiona."

Fundi alijifuta mikono, akamgeukia Mrefu. "Na wewe unayechekwa kila siku, mbona kwako haya hayatokei?"

Mrefu alikuna kichwa kwa aibu. "Mimi sijui kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikisikia redio, natafuta kwanza mahali pa kuegesha. Ndipo najibu."

"Kumbe! Mbona hukutuambia?" Shangazi aliuliza.

"Mngenicheka zaidi."

Shangazi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliyafuta kwa ncha ya kitenge.

"Basi sikilizeni, na mimi nijisikilize," alisema. "Mwito huu niliuanzisha ili nijue mko wazima. Halafu nikakaa hapa nikicheka, huku tukimwadhibu yule mmoja aliyekuwa anaendesha vizuri. Kosa la kwanza ni langu. Anayeshika usukani ana kazi moja tu. Iwe simu, iwe redio, iwe ni mimi ninayeita, yote yatasubiri mpaka gari lisimame. Na sauti ya mtu unayempenda ndiyo uiogope zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo inayokuchukua mbali kabisa na barabara."

Akamgeukia Baba. "Wewe hutagusa usukani mpaka mguu wa ndugu yetu upone. Yadi itamnunulia baiskeli nyingine. Mayai yake utampelekea wewe kwa wateja, kwa miguu, na yasivunjike. Na wewe, Kasuku, njoo hapa. Hukumgonga mtu. Uliita kwa sababu sisi wakubwa tulikufundisha kuita. Ila leo ulijua kweli itamgharimu baba yako, na ukaisema ili mzee wa watu asionewe. Nakuombea ubaki na moyo huo."

Kasuku alimkumbatia kiunoni, akalia mpaka kitenge kikalowa. Fundi akasema kwamba kama kulia kumekwisha, kuna mtu alimwachia tochi ikiwaka chini ya lori na betri zinakwisha.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, watu wa mtaa walimwona Umeme akitembea na trei za mayai, taratibu kuliko bibi harusi. Muuza mayai alikaa kibarazani akimwelekeza kwa sauti kubwa, na wote wawili wakazoeana wakawa marafiki. Siku mguu ulipopona, Baba alirudishiwa funguo zake.

Alasiri ya siku hiyo, Kasuku alishika kipaza sauti. Maneno ya mwito yalikuwa yamebadilika.

"Kasuku hapa. Egesheni kwanza."

Akaachia kitufe, akasubiri. Baada ya muda Mrefu alijibu, kisha Dada Kofia. Baba hakujibu. Kidole cha Kasuku kilirudi chenyewe kwenye kitufe, akakiondoa. Alikaa amefumba mdomo, jambo ambalo Shangazi alikuwa hajaliona tangu mtoto huyo aote meno.

"Unasikia nini?" Shangazi aliuliza kwa upole.

"Sisikii kitu."

"Basi baba yako anaendesha."

Kasuku aliutafakari ukimya ule, na kwa mara ya kwanza haukumtisha. Mwishowe redio ikakoroma.

"Umeme yupo. Nimeegesha, breki ya mkono nimevuta, injini nimezima. Haya, mama, nina nafasi. Niambie yote."

"Umeme wa mwisho leo!" Mrefu alidakia. "Zamani angeosha vikombe!"

Kasuku alimweleza Baba yote, tangu mdahalo ulivyokwenda hadi mkate wa mchana, na hakuna aliyemharakisha. Jioni, ingawa hakuna aliyemtuma, alikunja mikono ya sare yake, akaosha vikombe vyote vya yadi kwa niaba ya baba yake, hata kile cha Fundi.