Mifuko Iliyogeuzwa

Shaa! Shaa! Maji yalimwagwa kwa kopo, kisha kikafuata kicheko. Sephora, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa bado amefumba macho kwenye mkeka, lakini alijua yanayotokea nje. Mama yake, Albertine, alikuwa akimwogesha bibi uani, na watoto waliokuwa wakienda shule walikuwa wamesimama njiani kutazama.

"Eh, Nkambo! Sabuni imebakia ku mugongo!" Caleb, mwanafunzi mwenzake, alipaza sauti.

Sephora alitoka mbio na ufagio mkononi, wakatawanyika. Bibi Madeleine, ambaye nyumba nzima ilimwita Nkambo, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameinamisha kichwa. Upande wake mmoja ulikuwa umepooza. Mama alijaribu kumfunika kwa kitenge, lakini upepo ulikiinua.

Ukuta wao wa matofali ya udongo ulianguka mwezi wa kwanza, mto Naviundu ulipofurika, ukabomoa na kibanda cha kuogea. Walitundika turubai, likaibwa. Walitundika la pili, nalo likaibwa.

"Leo ni mwisho," Nkambo alisema polepole. "Sitaoga tena inje."

"Mama, na vidonda? Muuguzi alisema vioshwe kila siku."

"Vidonda havinicheki, Albertine."

Jioni hiyo Sephora alimwendea Papa Mukuka, jirani aliyelima kabichi kando ya mto. Mzee alikuja, akapima pengo la ukuta kwa hatua zake.

"Ukuta siwezi kukupa," alisema. "Lakini nitasimamisha mianzi, niifunge kwa mipira ya magurudumu, kama dirisha kubwa lenye matundu. Wewe utapandisha marakuja humo, ile mitambaa ya pasheni. Mwizi anabeba turubai. Nani atabeba majani yenye mizizi?"

"Itafunika lini, Papa?"

"Tukianza sasa, kabla mvua haijaisha. Ila hapa chini ni vipande vya matofali tu, tutapanda ndani ya mifuko. Tafuta minane. Ya unga, si ya madini. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nkambo alipoambiwa, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. "Basi nitangoja majani yangu," alisema. "Yakifika juu ya kichwa, nitaoga." Huku Nkambo akingoja, Mama alimpangusa tu kwa kitambaa chumbani, maana sakafu ya udongo haikufaa kumwagiwa maji, mwangani mwa kibatari.

Mama Ngalula, muuza unga, alikubali kumpa Sephora mfuko mmoja kwa kila asubuhi atakayofagia kibanda chake. Asubuhi ya kwanza alifagia. Ya pili alifagia, mgongo ukamuuma. Ya tatu, akiwa njiani, aliona rundo la mifuko iliyotupwa nyuma ya ghala wanakouzia mawe ya shaba. Aliokota sita. Aliikung'uta, vidole vyake vikawa vya kijani. Ndani vumbi lilitoka, lakini nje lilikuwa limeganda; akaigeuza, ndani ikawa nje, na mifuko ikaonekana myeupe kabisa.

"Yote ni ya Mama Ngalula?" Papa Mukuka aliuliza.

"Yote, Papa."

Mzee hakuangalia mara mbili. Alimwamini, wakajaza udongo na kupanda.

Kila jioni Nkambo aliuliza kutoka kitandani, "Majani yangu yamefika wapi?"

"Magotini, Nkambo."

Wiki ya tatu, "Kiunoni." Wiki ya tano, "Kifuani." Ukweli ulikuwa mwingine. Marakuja mbili zilipanda kwa nguvu. Sita zilikuwa za manjano, majani yake yakidondoka moja moja, na mianzi ikabaki uchi. Chumbani, harufu ya vidonda ilizidi. Sephora alisikia Mama akilia jikoni, lakini jioni hiyo alijibu tena, "Kifuani."

Siku moja mvua ilikosa, na iliyofuata pia. Papa Mukuka alikuja, akatazama mimea, akapasua mfuko kwa kisu. Vumbi la kijani lilikuwa limeganda ndani kama ukungu.

"Hii iko shaba," alisema. "Mizizi imeungua. Mutoto, sema."

Sephora alisema yote. Mzee hakumpiga. Alikaa juu ya tofali, ghafla akaonekana amechoka.

"Ulikwepa kufagia asubuhi sita. Sawa, hata mimi nimewahi kukwepa kazi. Lakini siku nilipouliza, ungesema kweli, tungemwaga udongo na kuanza upya kesho yake. Kufagia kungekuchosha wewe peke yako. Uongo umemlaza Nkambo wiki tano na vidonda vyake. Sasa mvua imekwisha. Tukipanda leo, kiangazi kitaiua mimea."

Alimwamuru anawe mikono kwa sabuni na asimwage udongo ule karibu na mboga yoyote. Kisha akavuta mifuko miwili iliyo mizima na mianzi yake, akaiweka pamoja upande wa njia. Majani yake yalifunika nafasi ya upana wa mlango mmoja, si zaidi.

Sephora aliingia chumbani, akapiga magoti.

"Nkambo, nilikudanganya. Majani hayajafika kifuani. Mimea iliyopona iko miwili tu. Mingine niliiua mimi, na mifuko ya madini."

Nkambo aligeuza kichwa kwenye mto. "Mvua inarudi mwezi gani?"

"Wa kumi."

"Mimi sitafika mwezi wa kumi, mujukulu wangu."

Mama, aliyekuwa kando ya kitanda, aligeukia ukuta.

"Basi kesho utaoga nyuma ya ile miwili," Sephora alisema. "Upande ulio wazi nitasimama mimi na kitenge, kila asubuhi, hata Caleb acheke mpaka sauti imukauke. Na mvua ikirudi nitapanda sita, katika mifuko nitakayoifagilia."

"Na kama sipo?"

Sephora alimshika mkono ule uliopooza, mkono usiosikia kitu.

"Hata kama haupo, Nkambo. Nitapanda."