Dosye la Marehemu Myriam

Kwanza ilikuja harufu ya maziwa yaliyoungua, na dukani kwa Omer hapakuwa na aliyepika. Sidonie alichungulia nyuma ya mashine ya fotokopi, akafungua dirisha linaloangalia barabara ya Walikale, akarudi kwenye ordinatere, kompyuta ya duka.

Alikuwa mke wa pili wa Omer, wa miezi minne. Wa kwanza, Myriam, alifariki miaka mitatu iliyopita, lakini kazi na picha zake zilibaki kwenye ordinatere hiyo kuukuu, zimefungwa katika mafaili ya kila namna: zip, rar, tar, na mengine ambayo Sidonie hakuyajua. Omer hakuyafungua wala hakuyafuta. Hilo ndilo lililomchoma Sidonie. Akaweka programu inayoonyesha vilivyomo ndani ya faili lolote bila kulifungua lote, na kila adhuhuri Omer alipokwenda kula, yeye alikaa akimchungulia marehemu: harusi yake, vitenge vyake, Omer akicheka kicheko ambacho nyumbani kwake Sidonie hakijawahi kusikika.

Kwa kila faili alilochungulia, harufu ikazidi.

Alhamisi akakuta, katika faili lililofungwa mwaka uleule Myriam aliokufa, dosye, yaani folda, lenye jina Sidonie. Mwaka ule Omer alikuwa hajamjua. Akalibonyeza. Ndani mlikuwa na faili jingine, na ndani ya hilo jingine tena, akaendelea kubonyeza huku maziwa yakinuka kana kwamba sufuria iko miguuni pake, mpaka akafika kwenye picha moja tu, ya mgongo wa mwanamke aliyeinamia ordinatere, amevaa kitenge cha njano alichokivaa yeye asubuhi ile, na begani mwake umelala mkono mwembamba, nao uzito wa mkono huo akausikia begani pake mwenyewe.

"Dada," sauti ikamnong'oneza sikioni, "unatafuta nini kwangu?"

Alikimbia hadi kwa Mama Béata, mama wa maombi, akamsimulia yote.

"Ulifungua mafaili ngapi?"

"Yote, mama."

"Haiko Myriam, mutoto wangu. Ni jini, inavaa sura yake tu. Wivu njo chakula yake." Mama Béata akashusha sauti. "Rudia kule dukani, ningojee. Lakini usifute kitu! Ile jini imeshafunga roho ya bwana yako ndani ya ile mafaili."

Sidonie alirudi kungoja. Kwenye skrini palikuwa na picha ya Myriam, amemwegemea Omer, wanacheka. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akachagua mafaili yote, akafuta.

Harufu ikakatika. Bega likawa jepesi, akacheka peke yake.

Omer akaingia, akijifuta midomo.

"Papa, unisamehe," Sidonie alimwambia mumewe. "Nimefuta bitu yote ya Myriam."

"Myriam? Njo nani?"

Moyo wa Sidonie uliruka kwa furaha, Mungu amsamehe. Omer akapita, akawasha mashine ya fotokopi, akamgeukia kwa tabasamu la mwenye duka kwa mteja mgeni.

"Karibu, mama. Unataka kuchapa nini?"