Fundo la Katani

Siku za gulio, Swaumu hakukawia shuleni. Kengele ikilia tu yuko njiani, viatu mkononi visije vikalowa, akikimbilia gereji ya baba yake kando ya barabara kuu ya Mkata. Akifika humwamkia baba, hula kiporo chake akiwa ameketi juu ya tairi, kisha hushika kazi aliyoipenda: kupima nyaya za magari. Alikuwa darasa la sita, na vidole vyake vyembamba vilipenya mahali ambapo mkono wa baba ulikwama.

Baba yake, fundi Adamu, alikuwa ametengeneza matrekta kwenye shamba la mkonge Korogwe hadi shamba lilipouzwa na mafundi wakapunguzwa. Akaja Mkata kujitegemea. Miaka ile magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakimiminika nchini, na fundi Adamu hakuyapenda.

"Zamani ukitaka magurudumu yote manne yavute, unavuta mkono wa chuma," alikuwa akilalamika. "Haya ya leo eti unabonyeza kitufe! Matope yanaogopa kitufe?"

"Baba, kitufe kinapeleka umeme kwenye sumaku iliyo chini ya gari," Swaumu humjibu. "Sumaku ndiyo inayovuta."

"Haya, mwalimu mkuu. Lete spana."

Mtu wa tatu pale gereji alikuwa Lenku, kijana wa Kimaasai kutoka nyanda kavu za Handeni. Alilinda magari usiku. Mikononi alivaa bangili za waya wa shaba alizojisokotea mwenyewe, na Swaumu alimwita kaka.

Siku hiyo ya gulio, Swaumu alisikia kelele kabla hajaiona gereji. Alipofika, watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Trekta lilikuwa limeburuta kibasi cha Sadala, mfanyabiashara wa mahindi, na kukibwaga mbele ya gereji. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea, vioo vimemwagika. Sadala mwenyewe alisimama shati likiwa limelowa damu iliyotoka kwenye paji la uso.

"Nimebonyeza kitufe, gari halikuvuta!" alipiga kelele. "Kilimani, kwenye utelezi! Tumerudi nyuma hadi mtaroni. Mama yangu mguu umevunjika, mfupa umetoka nje, wamemkimbiza hospitali! Adamu, gari hili limetoka kwako juzi!"

Mtu mmoja aliyekuwa amelala chini ya gari akatoka, matope kifuani. "Waya umekatwa! Nimeuona, umekatwa!"

Sauti ikatoka kwenye kundi: "Nani analala na magari hapa?"

"Yule mlinzi!"

"Tazameni mikono yake! Shaba ile ameitoa wapi?"

Lenku, aliyekuwa ametoka uani kwa sababu ya kelele, alitazama bangili zake kama anaziona kwa mara ya kwanza. "Hizi? Hizi ni za—"

Hakumaliza. Fundi Adamu alimfikia kabla ya watu wengine na kumzaba kibao kilichomyumbisha. "Nimekupa mahali pa kulala uani kwangu! Ndivyo unavyonilipa?"

Kibao hicho ndicho kilichofungua mlango. Ngumi ziliteremka. Mpini wa jembe ukampata Lenku begani, na Swaumu akausikia mlio wake, mkavu, kama kuni inayovunjwa. Lenku alianguka, teke likampata mdomoni, akatema jino. Mtu alimvua bangili kwa nguvu hadi ngozi ya mkono ikachunika.

"Yeyo! Yeyo!" Lenku alimlilia mama yake kwa lugha ya kwao.

"Mchome! Mchome huyo!"

Tairi kuukuu likaja likiviringishwa. Swaumu alimvuta baba yake shati. "Baba, wazuie! Bado hatujapima!" Baba alimsukuma bila kumtazama. Alipiga kelele mpaka koo likawasha, lakini nani angesikia sauti ya mtoto mahali ambapo watu wazima wanatafuta kiberiti?

Akapanda ndani ya kibasi, vigae vya vioo vikimchoma magoti, akabonyeza honi kwa mikono miwili. Hakuachia. Honi ililia, ikalia, hadi nyuso zikaanza kugeuka moja moja na mikono ikabaki hewani.

"We mtoto, una wazimu?" Sadala alifoka.

Swaumu akaachia honi. "Mzee Sadala, shikamoo. Kama Kaka Lenku ameiba shaba, kuna kipande cha waya hakipo. Naomba niangalie. Kipande kisipokuwepo, mimi sina la kusema."

"Tumeshaangalia!"

"Mmeangalia, hamjapima."

Sadala alipumua kwa kishindo. Alitazama lile tairi, akamtazama tena mtoto. "Haraka," alisema.

Swaumu alichukua taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaingia chini ya gari. Matope yalimdondokea usoni. Alibana waya mmoja wa taa kwenye bodi, akagusisha wa pili kwenye ncha ya waya uliokatika, ile iliyotoka upande wa dereva. "Washa swichi! Bonyeza kitufe!" Sadala akabonyeza. Balbu ikawaka.

Basi umeme ulifika hadi hapo. Akaitafuta ncha ya pili, ile iliyokwenda kwenye sumaku. Akazivuta zote mbili. Zilifikiana, na hata nafasi ya kuzisokota pamoja ilibaki. Aliposokota tu, chini ya gari kitu kikalia: tak!

"Umesikia?" aliuliza mtu.

"Hiyo ni sumaku," Swaumu alisema kutoka chini. "Imeshika. Hakuna shaba iliyoibwa. Na waya haukukatwa kwa kisu, umesagwa. Nyuzi zake zimechanika ndefu kwa fupi. Umevutwa ukagusa propela, chuma kile kirefu kinachozunguka chini ya gari."

"Umevutwa na nani?"

Hapo ndipo taa yake ilipomulika uzi wa katani uliofungwa kuuzunguka waya. Ulikuwa umelowa na kukaza hadi umezama kwenye mpira. Fundo lake alilijua. Ndilo walilofungia mafungu ya mkonge kule shambani, na Mkata nzima alilifunga mtu mmoja tu.

Swaumu alilala pale kwenye matope. Angeweza kukata uzi ule na kuutia mfukoni. Nje, Lenku alikuwa akikohoa damu. Naye baba yake alikuwa amesimama mikono mitupu katikati ya watu wenye mipini na tairi.

Alitoka. "Umevutwa na katani," alisema. "Katani ikilowa hujikaza. Baba, fundo ni lako."

Kundi zima lilimgeukia fundi Adamu. Yeye alichuchumaa, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu. Aliposimama, uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Ni langu," alisema. "Waya ulikuwa unaning'inia. Sikuwa na kibanio chake, nikaufunga kwa katani kwenye chuma cha karibu kama tulivyozoea Korogwe. Nilijua inajikaza. Kila aliyefanya kazi mkonge anajua. Nikasema, ah, waya tu."

Sadala alimpiga ngumi ya kifua. Fundi Adamu hakuinua mkono kujikinga. Sadala alikunja ngumi ya pili, lakini macho yake yakamwangukia Lenku pale chini, na mkono ukamshuka. Watu walianza kuondoka kimyakimya, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu. Aliyeleta tairi aliliacha.

Lenku aliketi kwa shida. "Mzee Adamu," alisema, damu ikimtoka kwenye fizi, "mimi nilikuwa nalinda mali yako. Nani alikuwa ananilinda mimi?"

Fundi Adamu alimbeba mgongoni hadi zahanati.

Mfupa wa bega la Lenku ulipoanza kuunga, fundi Adamu alimtembelea mama yake Sadala hospitalini na kumwomba radhi. Waya aliuunga upya, akauvalisha mpira na kuubana kwa kibanio cha chuma. Kisha alikwenda na Swaumu hadi boma la kina Lenku, akiswaga kondoo mnono, kwa maana Wamaasai humnywesha mafuta ya kondoo mtu aliyeumizwa ili apate nguvu. Mbele ya ukoo mzima akasema aliyotenda, hakupunguza hata kibao.

Parsaoti, baba mdogo wa Lenku, alisikiliza akiegemea fimbo yake. Kisha akamwita Swaumu aje mbele.

"Huyu mtoto alikuwa anajua kwamba hasira itamgeukia baba yake, na bado akasema," alisema. "Adamu, waya unaupima kwa taa. Mtu hupimwa kwa masikio: unamwuliza, unanyamaza, unamsikiliza. Siku ile ulikuja na mikono peke yake. Anayepiga kabla ya kuuliza huwa anapiga mtu asiyemjua."

"Ni kweli, mzee," fundi Adamu alisema. "Nimejifunza kwa mwili wa mtu mwingine, na hilo ndilo linaloniuma."

Lenku, mkono wake ukiwa umefungwa kifuani, alimtazama. "Nitarudi kazini," alisema. "Lakini nijue kwamba unaniamini: ufunguo wa gereji nitakaa nao mimi."

Fundi Adamu akauchomoa ufunguo mfukoni na kumpa.