Ukuta wa Vipimo

Foleni ya duka la vifaa vya ujenzi Jumamosi asubuhi haina mwenyewe. Watu walikuwa wamejazana mbele ya mashine ya kuchanganyia rangi, kila mtu na kopo lake na haraka yake, na katikati yao alisimama mwanamke mmoja mwenye gauni la bluu lililomkaa sawasawa mabegani na kiunoni. Alilishona mwenyewe. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni, ametoka nayo nyumbani bila kujua. Kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na hata alipofika miaka thelathini na miwili hakuna aliyeona sababu ya kumwita vingine.

Aliomba rangi nyeupe. Muuzaji akamuuliza nyeupe ipi. Akajibu kwamba nyeupe ni nyeupe, na waliokuwa nyuma yake wakaguna.

"Dada, hiyo uliyoshika ni ya dari," sauti ikasema begani kwake. "Ukiipaka ukutani, baada ya wiki mbili itakuwa na vidole vya dunia nzima."

Akageuka. Mwanaume mrefu, ovaroli imerukiwa na rangi za nyumba za watu wasiojuana, macho ya utani.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nimeona umekuja kupima duka, nikadhani unahitaji msaidizi."

Akashika shingo, akaikuta futi, akacheka mpaka muuzaji akacheka naye. Tangu msiba wa mama yake, mwaka mmoja na nusu uliopita, hakuwa amecheka hivyo. Mpaka wanatoka dukani, fundi rangi huyo alikuwa amembebea makopo, amepata namba ya simu, na amepata kazi. Wengine hubahatika kwa mpigo mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Nyumba ya mama yao ilikuwa inauzwa. Kaka mkubwa, mwalimu wa hesabu asiyependa jambo linaloning'inia, alikuwa ameamua: dada yao wa katikati yuko mbali, yeye ana nyumba yake, na Kitinda peke yake hawezi kuishika. Ipakwe rangi, mnunuzi aje aione, mambo yaishe. Kitinda alilia siku mbili, ya tatu akaanza kufungasha vyombo.

Fundi alianza sebuleni. Alikuwa mtu wa kazi safi. Hakupaka ukuta kabla ya kuupapasa kwa kiganja, na akikuta kipele hata kidogo alikipiga msasa mpaka kiishe. Mchana walikula pamoja, yeye juu ya kopo lililogeuzwa, Kitinda juu ya sanduku la vitabu. Jioni simu ilianza.

"Umelala, malkia wa cherehani?"

"Ningelala vipi na harufu ya rangi yako kichwani?"

"Harufu ya rangi, au yangu?"

"Wewe nawe unajipenda."

Wiki ya pili walikuwa wameshapendana, na hawakumficha mtu.

Chumba kimoja tu Kitinda alikuwa hakifungui mbele ya watu, chumba cha cherehani. Siku alipomwingiza, fundi aliishia mlangoni. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa umeandikwa kwa penseli, toka usawa wa goti mpaka juu ambako mama mtu alilazimika kupanda kigoda. Shingo, kifua, kiuno, mkono, urefu. Majirani, mabibi harusi, watoto wa shule, waliokufa na walio hai. Kitinda akamweleza sheria ya mama yao: mteja wa kupita alimwandika daftarini, ukutani alimwandika mtu anayejua kwamba atarudi.

"Na huyu wa juu kabisa?" fundi aliuliza.

"Baba yetu. Aliondoka nikiwa na miaka minne. Hakurudi, na mama hakumfuta."

Kila alipotoka mle Kitinda alikuwa na macho mekundu. Alishajaribu kupiga picha kwa simu, lakini penseli ilikuwa imefifia, na mwanga ukiipiga inang'aa. Picha zilitoa ukungu wa kijivu. Jumanne moja alitoka akajiinamia juu ya sanduku, akasema kwa uchungu, "Ukuta ule unaniua. Natamani siku moja niingie niukute mweupe, nipumzike."

Alisema. Hilo tusimtetee, alisema kwa kinywa chake. Lakini jamani, mtu mwenye msiba husema mangapi? Aliyemsikia alikuwa mtu anayempenda, na shida ya mtu anayekupenda ni kwamba anakusikiliza.

Kesho yake Kitinda alikwenda mjini peke yake. Alikuwa amepata wazo, na aliona haya kulisema mbele ya mtu yeyote: kununua karatasi nyembamba, pana, zile mafundi cherehani wanazochorea mtindo kabla ya kukata kitambaa, azibandike ukutani na kufuatisha mwandiko wa mama yake mstari kwa mstari. Yuko katikati ya soko la vitambaa simu ikaita.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kuna kitu natafuta. Usiniulize."

"Na mimi nina kitu chako. Usiniulize. Chelewa kidogo basi, usije mapema."

"Wewe una mambo," akasema, na akachelewa kwa furaha. Alizunguka maduka, akajipimia hereni kwenye kioo, akanunua na penseli mbili mpya.

Alipofika, fundi alimpokea mlangoni na ovaroli iliyofuliwa. Akamziba macho kwa viganja, akamwongoza ukumbini hatua kwa hatua. Kitinda alikuwa anacheka. Viganja vikatoka.

Chumba kilikuwa cheupe pande zote nne.

Bunda la karatasi likamtoka mkononi. Alisogea mpaka ukutani, akaweka mkono pale palipokuwa na vipimo vya gauni lake la kwanza la shule. Palikuwa laini.

"Umepaka juu yake," akasema taratibu. "Nikikwangua, penseli ipo chini."

Fundi, maskini, alidhani anaulizwa kuhusu ubora. "Haipo. Nimepiga msasa kwanza mpaka kwenye plasta, nikaweka praima, ile rangi ya msingi, mara mbili. Ukuta uliokaa na mafuta ya mashine ukiufunika tu, alama zinachomoza. Hapa hakitachomoza kitu maisha."

"Laiti ungekuwa fundi mbovu."

Ndipo fundi akaziona karatasi sakafuni. Hakuwa mjinga, alielewa yote kwa mara moja. "Si ulisema mwenyewe—"

"Nilisema. Toka."

Akatoka, ameacha ngazi na brashi zake.

Wiki tatu Kitinda hakupokea simu. Nyumba ilipata mnunuzi siku ya kwanza ya kuonyeshwa, na kilichompendeza zaidi, kama ilivyotarajiwa, ni chumba kile cheupe. Kaka mkubwa alikuja na makaratasi ya sahihi, akapita akikagua, akaingia mle, akakaa muda. Kitinda alipomfuata alimkuta amechuchumaa, anapapasa ukuta usawa wa kifua cha mtoto.

"Shati langu la sekondari lilikuwa hapa," kaka akasema. "Mama aliandika na neno, 'anakua haraka'." Kisha akajifanya anatafuta kalamu mfukoni, ambayo ilikuwa sikioni.

Kitinda alimtazama, hasira yake ikakosa pa kukaa. Mwaka mmoja na nusu wote watatu walikuwa na funguo. Hakuna aliyeleta hata karatasi moja.

Siku ya kukabidhi nyumba alimpigia fundi. "Ngazi yako ipo hapa. Njoo uichukue."

Alikuja amevaa shati jipya la dukani, mikono imemshukia mpaka vidoleni. Vyumba vilikuwa vitupu na kila neno lilirudi. Walisimama kwenye chumba cha cherehani, mbali mbali.

"Unakumbuka hata mstari mmoja?" Kitinda aliuliza. "Ulishinda nao siku nzima."

"Ningeweza kukutungia. Nimefikiria njia nzima kukutungia." Akatikisa kichwa. "Nikishika msasa sisomi. Sikusoma hata mmoja."

Kitinda akageukia ukuta.

"Siku ile nilitaka nikuombe unioe," fundi akaendelea. "Samahani, nikuoe. Ona hata maneno yamenikimbia. Nilitaka nikuulize hapa, kukiwa kweupe. Nilidhani nakuondolea mzigo. Bado nataka, hata kama jibu nalijua."

Kitinda akamsogelea. Alitoa futi kwenye mkoba. "Simama wima. Nyanyua mikono."

Alimpima shingo, mabega, kifua, mkono mpaka kwenye kifundo, bila kumtazama usoni. Kisha akachukua moja ya zile penseli mbili, akapanda ngazi, na juu kabisa ya ukuta, pale alipokuwa baba yake, akaandika polepole: shingo kumi na sita, kifua arobaini, mkono ishirini na tano. Penseli ilikwaruza ile rangi safi, na fundi akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua.

"Umeniandika," akasema. Sheria ya ukuta ule alikuwa anaijua.

"Nimekuandika. Kukusamehe bado."

"Nitangoja."

"Hata baba, aliyekuwa hapo juu, mama alimngoja." Akashuka. "Njoo ulifuate shati Jumapili. Usipokuja, sitakutafuta."

Nje kaka akapiga honi mara mbili. Fundi akabeba ngazi, Kitinda akabeba cherehani ya mama iliyokuwa imebaki, funguo wakaziacha dirishani kama walivyoagizwa. Mnunuzi angeona ule mstari kesho yake, angekasirika, angeita fundi mwingine. Na fundi huyo, kama ni mzuri, angeanza kwa kupiga msasa.