Shahidi wa Bwawani

Mvua ya masika ilipoanguka ghafla, watu walikimbilia chini ya paa la soko la Ilala na vikapu vyao, kuku wao na watoto wao. Gozbert, karani wa ofisi moja mjini, alisukumwa hadi kwenye meza ya samaki. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na soksi ndefu, na alikumbatia kitu ndani ya koti.

"Kaka, hiyo chupa itavunjika," alisema msichana aliyebanwa kando yake. Buibui lake lilikuwa limeloa na kumnata mabegani, na harufu ya udi aliojifukizia ilishinda ya samaki.

"Si chupa, dada. Ni darubini. Nilirudi nayo kutoka vitani Burma."

"Na sasa unapigana na nani?"

"Natazama ndege."

Msichana alicheka mpaka muuza samaki akageuka. "Mtu mzima na soksi zake!"

Gozbert hakukasirika. Alimweleza habari za bwawa lililo nyuma ya Temeke, alikokuwa amepanga chumba. Majira hayo mbayuwayu hujikusanya pale kabla ya kurudi Ulaya, na yangeyange huota manyoya ya rangi ya mdalasini kichwani kwa sababu wanatafuta wenza.

"Kumbe hata wao hujipamba," alisema yule msichana, na safari hii hakucheka.

Jina lake Badriya, binti wa Mzee Zahor, Mwarabu mwenye duka la jumla Temeke. Dukani mlikuwa na simu, na siku chache baadaye ikalia.

"Haloo, duka la Mzee Zahor."

"Nataka pishi mbili za dengu."

"Dengu zimekwisha, bwana. Zimebaki choroko."

"Basi nipe muuzaji."

Badriya alichungulia nyuma, akamwona baba yake anapima mchele. "Muuzaji hauzwi kwa simu," alinong'ona. "Lete washenga."

Kila Jumapili Badriya aliaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake, akapitia bwawani kwanza. Walikaa nyuma ya matete, darubini ikipita kutoka mkono hadi mkono.

"Yule mwenye mdalasini ananitazama, Gozi!"

"Hakuoni, laazizi. Anayekutazama ni mie."

"Na baba akisema hanipi Mhaya Mkristo?"

"Nitasilimu. Nitasimama mbele yake, mbele ya watu wote, niseme ni wewe ninayekutaka."

"Usiniahidi kwa sababu ya utamu wa hapa."

"Naahidi."

Ng'ambo ya bwawa wanawake walikuja kufua na kuoga. Jumapili moja, Badriya akiwa ameshaondoka, Mwishehe, ambaye mkewe alikuwa akioga upande ule, alimkuta Gozbert kwenye matete na darubini machoni. Hakuuliza kitu. Alimpiga kofi, akaita wenzake, wakampeleka kwa jumbe.

Kesho yake jioni uwanja wa jumbe ulijaa. Mzee Zahor aliketi pamoja na wazee, tasbihi mkononi.

"Karani mzima," jumbe alisema, "unawachunguliaje wake za watu?"

"Nilikuwa natazama ndege, jumbe."

"Ndege wenye kanga!" Mwishehe alidakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Una shahidi?"

Gozbert aliinamisha kichwa. "Sina."

"Yupo." Badriya alipenya katikati ya watu, uso wazi. "Shikamooni, wazee. Kweli hutazama ndege. Najua kwa sababu nilikuwa nakaa naye pale matetini."

Tasbihi ilisimama mkononi mwa Mzee Zahor. Jumbe alimgeukia Gozbert. "Unamjua binti huyu?"

Gozbert aliona macho yote yamemganda Badriya. Aliwaza kwamba neno moja litamwokoa yeye na kumvunjia mwanamke heshima yake.

"Simjui," alisema. "Labda amenionea huruma tu."

Watu waliguna. Walikuwa wamekwisha kusikia kwamba binti wa Zahor alikaa matetini na mwanamume, na sasa mwanamume mwenyewe anamkana. Jumbe aliichukua darubini na kumwamuru Gozbert ahame Temeke.

Gozbert alimkimbilia Badriya nje ya ua. "Laazizi, nilikuwa nakuficha."

"Unanificha wapi? Nilisimama katikati ya uwanja!"

"Baba yako angekupiga."

"Atanipiga tu. Ila ningepigwa nikiwa na mwenzangu."

"Narudi sasa hivi kusema kweli."

"Rudi. Atakayekuamini, mwambie aje anieleze na mimi nikuamini vipi."

Mzee Zahor aliita mara moja tu. Badriya alijifunika uso, akamfuata baba yake katika tope, hakugeuka.

Gozbert alirudi uwanjani akihema. Jumbe alikwisha kuingia ndani, watu wanaondoa mabenchi.

"Namjua!" alipaza sauti. "Yule binti namjua, nataka kumwoa!"

Mwishehe alimtazama juu mpaka chini. "Karani, mara humjui, mara unamjua. Chagua moja uondoke nayo."

Masika hayakuisha kabla Badriya hajaozwa Pangani. Gozbert, aliyekuwa amehamia Kinondoni, aliipata habari kwa muuza kahawa. Watu walikula pilau wakashiba, alisema yule muuza kahawa, ila kuna jambo liliwashangaza akina mama: bibi harusi hakulia hata kidogo.