Moto ya Mu Nyumba Yako

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima nilipopanda juu ya paa kushusha paneli yangu ya sola. Hapa mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ukiiacha nje, asubuhi utaikuta kwenye paa la mtu mwingine, na mwenyewe atakuapia kwamba alizaliwa nayo.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Naitwa Bertin. Ni fundi mzuri, sioni haya kulisema, ingawa siku hizi silisemi tena kwa sauti. Chumba cha mbele ni karakana. Cha nyuma tunalala mimi, mke wangu Immaculée na binti yetu Gentille, ambaye siku ile alikuwa na miezi mitano. Mama mkwe, Mama Georgette, alikuwa amekuja kutoka kijijini Nundu kutusaidia kulea, na kunikosoa.

Niliposhuka ngazi, mwanamke alikuwa amesimama mlangoni.

Sikusikia hatua zake. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi magotini, na mvua haikuwa imenyesha. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Mkononi alishika laptop iliyofungwa ndani ya kitambaa, akiipakata kama mtu anayetoka kujifungua.

"Papa," akasema polepole, "nipatie moto."

Sasa, huku kwetu mwanamume ni papa, na mteja hasemi chaji. Simu ikizimika imeisha moto. Ukileta kwangu, unaleta nitie moto. Siku nzima nasikia neno hilo mpaka masikio yanachoka. Kwa hiyo nilijibu kama ninavyojibu kila siku.

"Moto iko, mama. Leta."

Hakuleta. Alinitazama.

"Unanipatia?"

"Nakupatia."

"Moto ya mu nyumba yako?"

Nikacheka. "Sasa itatoka ku nyumba ya nani? Ya mu nyumba yangu. Leta, nafunga."

Akaniwekea laptop mikononi. Ilikuwa baridi, ile baridi inayokufanya ubadilishe mkono. Nilipogeuka kuchukua kipande cha karatasi nimwandikie namba, mlango ulikuwa mtupu. Kwenye saruji palibaki maji kidogo.

Nikajiambia, watu wana haraka zao.

Nikaichomeka kwenye betri zangu kubwa. Ikawaka. Pembeni ikaandika kwa Kifaransa chake kwamba imechomekwa lakini haichaji. Asilimia sifuri. Haya, kazi ndogo. Nikapima waya wa chaja kwa mita: volti kumi na tisa, mzima kabisa. Tundu la kuchomekea halikulegea. Nikatoa betri, nikasugua meno yake kwa pombe ya dawa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, nikarudisha. Sifuri. Nikaifuta programu inayosimamia betri, nikazima, nikawasha tena.

Sifuri... sifuri...

Moja.

Nikapiga kofi. "Immaculée! Kuja uone bwana yako!"

Sauti yake ilitoka chumba cha nyuma, ndogo.

"Papa Gentille, kuja weye. Mutoto iko baridi."

Nilimgusa shavu. Kweli. Miguu, tumbo, kila mahali. Hakuwa analia. Alikuwa anatutazama tu, macho wazi, na hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu binti yangu ni mtu wa kelele. Tukamfunga blanketi mbili, tukaenda mbio hadi kituo cha afya.

Muuguzi, Darius, ni mteja wangu wa siku nyingi. Akaweka kipimajoto kwapani. Thelathini na tano na nusu. Hakuna malaria. Mapafu safi. Akamvua mtoto, akamlaza kifuani kwa Immaculée, ngozi kwa ngozi, akawafunika.

"Hii baridi inatoka wapi?" akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi!

Akanituma nyumbani kuleta blanketi zingine. Nilipopita karakanani niliona kioo cha laptop kinang'aa gizani. Asilimia sita. Nikarudi na blanketi. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi thelathini na tano kasoro.

Nikarudi tena nyumbani kuchukua chupa ya maji ya moto. Kioo sasa kiliandika saba.

Niliporudi kituoni, mtoto alikuwa ameshuka tena.

Mimi ni mtu wa mita. Mara moja ni bahati mbaya, mara mbili unaangalia waya. Nilikimbia nyumbani kwa mara ya tatu, nikashika waya wa chaja, nikauchomoa kwa nguvu hadi ukanipiga usoni.

Kioo kikaandika: imechomekwa, inachaji.

Waya ulikuwa mkononi mwangu.

Nikatoa betri. Nikaiweka mezani, mbali na kompyuta yenyewe.

Kioo hakikuzimika. Nane.

Ufundi wangu uliishia pale. Nilikaa chini kwenye saruji, kwenye yale maji ambayo yalikuwa hayajakauka, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama Georgette alinikuta hivyo. Alitazama waya, akatazama betri, akavuta pumzi puani.

"Nani alikuja hapa, jua limezama?"

Nikamwambia.

"Alikuomba nini? Sema maneno yake."

Nikasema. Yule mama mkwe wangu anayeongea tangu jogoo wa kwanza alikaa kwanza chini kando yangu.

"Kwetu, jua ikizama moto haitoke mu nyumba," akasema. "Jirani akiomba kaa ya moto, unamuambia imezimika, hata kama chungu inachemuka mbele yake. Anajua ni desturi, anarudi kwake. Weye ulipatia mutu haujue jina. Na akakuuliza ya mu nyumba yako, ukasema ndiyo."

"Nilijua ni ya ku telefone, Mama!"

"Mi najua. Yeye hajali."

"Inarudishwa namna gani?"

"Unaenda kwa yule anaota hiyo moto, unaomba. Lakini unaomba nani?"

Jina lilikuwa mbele yetu. Kila kompyuta huandika jina la mwenyewe inapowaka. Dieumerci, na picha ndogo ya kijana mwenye miwani. Niliituma picha ile kwa kila dereva wa pikipiki ninayemjua. Mmoja akajibu kabla hata sijafunga mlango: huyu ni mwanafunzi, wa kijiji cha Lweba, mtoto wa Mama Rosette. Alikuwa kwenye ule mtumbwi uliopinduka ziwani wiki sita zilizopita.

Alfajiri nilikuwa Lweba. Kituoni Baraka kipimajoto kilikuwa thelathini na tatu, na Darius alikuwa ameacha kunitazama machoni.

Mama Rosette hakuwa yule mwanamke. Niliona mara moja. Huyu alikuwa mfupi, mnene, mkavu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alipoona laptop kwapani mwangu, alishika mlango kwa mikono miwili.

"Hiyo ilizama," akasema. "Ilizama pamoja naye."

"Mama, iko wapi mutoto?"

Ndani palikuwa na mioto mitatu imezimwa, mmoja kila upande wa kitanda usioegemea ukuta. Kijana alikuwa amekaa, anakunywa uji. Uso wake ulikuwa na jasho.

Mama Rosette aliniambia yote kwa kunong'ona, mgongo ukiwa umemgeukia mwanawe. Walimtoa majini anapumua, lakini baridi haikumtoka. Hospitali walimrudisha. Wiki tano mioto mitatu, na ndugu zake wanakata kuni mpaka mikono inatoka damu. Ndipo akaenda ziwani peke yake, akaomba. Hakuniambia alimwomba nani.

"Yule nilimuomba akasema mwenye kumushika mutoto yangu anaweza kumuachia," akanong'ona. "Ni moto tu inakosa. Moto ya mutu mwenye anatoa kwa kinywa yake. Nilifikiri ni mutu muzima... Mungu wangu, sikujua ni mutoto."

"Sasa murudishe!"

"Si mimi nilikamata, baba. Nirudishe na nini?" Akanishika mkono. "Na ungekuwa mimi?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulichukua lile bakuli la uji nilimwage. Yule kijana akainua kichwa, akatusalimia kwa heshima, akauliza kama mimi ni mgeni kutoka upande wa baba yake. Alikuwa na mdomo wenye uji. Na ile hasira yangu yote ikakosa pa kwenda.

Simu ikalia. Immaculée.

"Ameacha kunyonya," akasema. Hakuongeza neno.

Laptop ilikuwa kumi na nane.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaushika mkono wa kijana. Ulikuwa na joto la mtoto aliyetoka kuoga. Lilikuwa joto la binti yangu, nalijua, nimelala nalo miezi mitano.

"Nilisema ya mu nyumba yangu," nikasema kwa hewa, sijui kwa nani. "Mi pia niko wa mu ile nyumba. Muachie mudogo. Kamata yangu."



Kisha harufu. Majivu na maji.

Sikugeuka. Mama Rosette, aliyekuwa anatazama mlangoni, alianguka chini akafunika uso.

Nyuma ya sikio langu, karibu sana...

"Unanipatia?"

"Nakupatia."

"Moto ya mu nyumba yako?"

"Ya mu mwili yangu. Yangu tu."

Nilihisi kitu kikitoka kwenye nyayo zangu, bila maumivu, kama unavyotoka kwenye maji na upepo ukakupata. Simu bado ilikuwa wazi sakafuni. Ndani yake nilisikia binti yangu analia. Analia! Anapiga zile kelele zake za kuwaamsha majirani, na mama yake anacheka na kulia pamoja naye, na Darius anasema, mama, shika vizuri.

Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na sitaisikia tena.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Dieumerci amerudi chuoni, ananitumia salamu. Laptop yake hakutaka kuichukua, na mimi siogopi tena kuitazama. Haina betri, haina waya. Inapanda taratibu, asilimia moja kwa siku, mara nyingine siku mbili. Leo ni sitini na nne. Mama Georgette hajui kinachotokea ikijaa, na ameacha kunikosoa. Darius alinipima mara moja, akatikisa kipimajoto, akapima tena, kisha akanirudishia koti langu.

Mchana nakaa juani na koti hilo. Wateja wananitania kwamba nimezeeka kabla ya siku.

Gentille ameanza kukaa mwenyewe. Ananijua, ananinyooshea mikono nikipita. Jana nilishindwa kuvumilia, nikamnyanyua. Alipiga ukelele, akajikunja kwa baridi, akamtazama mama yake kana kwamba mtu asiyemjua amemchukua. Immaculée alikuja mbio. Alimtoa mikononi mwangu kwa upole, vidole vyake havikunigusa.

"Pole, Papa Gentille," akanong'ona, naye analia. "Usimubebe tena. Unamuumiza."